Pangaboi la Sebuleni

Kwetu Mbagala kitu kikiharibika hakitupwi wala hakipelekwi kwa fundi. Kinawekewa masharti, kama ya mganga. Mlango wa jikoni unauinua kidogo, unausukuma kwa goti, ndipo unakubali. Rimoti unaibonyeza huku umezibana betri kwa kidole gumba. Pasi unanyoosha nguo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unaushikilia waya uelekee dirishani, maana ukiuachia tu inazima. Masharti yote hayo ni ya baba watoto, ambaye kazini ni karani na nyumbani ni injinia. Kwake yeye, kitu kikishawaka kimepona, hata kama kinahitaji mtu wa kukishikilia.

Pangaboi la sebuleni lilianza mgomo mwezi wa Februari, mwezi ambao hapa Dar es Salaam hata ukuta unatoa jasho. Ukiwasha linanguruma, halizunguki. Ukilisukuma kwa mpini wa ufagio linaanza, tena linakwenda vizuri tu. Fundi yeyote angeujua ugonjwa huo akiwa bado mlangoni. Mota ya pangaboi ina koili mbili, na ili ianze kuzunguka yenyewe ni lazima umeme wa koili moja upishane kidogo na wa nyingine. Kazi ya kuupishanisha ni ya kapasita, kidude cha plastiki kilichojificha kwenye kikombe cha juu, karibu na dari. Kapasita ikichoka, mota inabaki inanguruma, inasubiri msukumo. Baba watoto aliona ufagio umefanya kazi, akahesabu kuwa tatizo limekwisha.

Basi ufagio ukahamia sebuleni. Watoto wakawa wanagombea zamu. Mgeni akiingia, kabla ya kukaribishwa kiti anaombwa ainame kidogo, lisije likampitia. Tungeishi hivyo hadi leo kama mama mkwe asingekuja kututembelea kutoka Tanga. Alikaa kimya, akatazama mjukuu wake anavyopanda stuli na ufagio, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, huku kwenu upepo mnaufagia?"

Baba watoto alisikia. Jioni hiyohiyo akatoa bisibisi.

Kwanza aliamua kwamba limekauka grisi. Grisi hatukuwa nayo, akachukua mafuta ya kupikia. Asubuhi matone yalikuwa yametapakaa juu ya vitambaa vya makochi, na vitambaa hivyo alivifuma mama mkwe mwenyewe kwa mkono wake. Mama hakusema kitu. Alivikusanya kimoja kimoja, akavipeleka kwenye beseni.

Ndipo jirani akamtajia kapasita. Akaenda Kariakoo, na hapo sina la kumlaumu, maana alibeba ile ya zamani kama mfano. Imeandikwa maikrofaradi 2.5, kama zilivyo nyingi za mapangaboi. Akarudi na ya 4. Nilipomuuliza kwa nini, akanitazama kwa huruma: "Kubwa ndiyo yenye nguvu, mama." Huyu ndiye aliyewahi kutoa fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi ya redio akaweka kipande cha waya, eti fyuzi inakatika ovyo. Fyuzi kazi yake ni kukatika! Lakini kwa baba watoto, kinachokataa ni kidhaifu, na dawa ya kidhaifu ni kuweka kinene zaidi.

Akazima swichi ya ukutani, akapanda ngazi, akagusisha testa. Ikawaka. Aliyetufungia umeme wakati nyumba inajengwa alipitisha swichi kwenye waya wa nyutro, kwa hiyo hata ukizima, umeme unabaki juu unakusubiri. Nilimwomba azime mein swichi. Alizima, huku akilalamika kwamba friji itayeyuka.

Pangaboi likazunguka lenyewe. Watoto wakapiga makofi. Tukakaa chini yake tukisubiri upepo, tukasubiri, tukaangaliana. Alikuwa amebadilisha nyaya za kapasita, linakwenda kinyumenyume, upepo wote unapanda kwa mijusi. Kuna nchi ambako mapangaboi huwa na swichi ya kuyageuza hivyo kwa makusudi wakati wa baridi, ili hewa ya moto iliyojikusanya darini ishuke kwa watu. Mbagala haijawahi kuwa na shida hiyo. Juu ya hayo, mota ikaanza kuchemka na kutoa harufu, kwa sababu kapasita kubwa kuliko inavyotakiwa huipitishia koili umeme mwingi kuliko inavyoweza kustahimili.

Akageuza nyaya. Upepo ukashuka, na yeye akashuka nao, ila wakati anashuka aliegemea panga moja. Kuanzia hapo pangaboi likawa linayumba, linagonga dari. Akasema linataka usawa tu. Akachukua sarafu ya shilingi 200, akaibandika juu ya panga kwa selotepu. Mbinu hiyo siyo ya kuchekwa, hata mafundi hubandika uzito mdogo kwenye panga. Sasa joto lile la mota na selotepu ya shule, nyie wenyewe fikirieni.

Pangaboi la inchi 56 likizunguka mara 300 kwa dakika, ncha ya panga lake inakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Basi la mikoani haliruhusiwi kuzidi hapo. Sarafu ilichomoka wakati wa chai ya jioni, ikapita juu ya kichwa cha mama mkwe, ikavunja kioo cha kabati la vyombo na kikombe kimoja cha wageni. Hakuna aliyeumia. Mama akaweka chai yake chini, akajifunga khanga vizuri.

"Baba," akamwambia mwanawe, "kama unataka niondoke, nauli nipe mkononi. Tena 200 hainifikishi hata kituoni."

Kesho yake aliita fundi mwenyewe, kwa pesa yake, kijana wa mtaa wa pili. Kijana akaweka kapasita mpya ya 2.5. Akapima kwa futi kamba kutoka dari hadi ncha ya kila panga, akaona moja limeshuka, akalinyanyua taratibu mpaka yakalingana, akakaza skrubu zake. Akahamisha na waya wa swichi. Muda wote huo baba watoto alikuwa chini ameshika tochi, akitoa maelekezo. Bei ya kapasita haifikii hata robo ya bei ya kioo.

Pangaboi sasa linawashwa kwa swichi. Mama mkwe amerudi Tanga. Majirani wameshaambiwa kwamba "tulilitengeneza", na kijana wa mtaa wa pili hakutajwa. Lililobaki ni kioo cha kabati. Baba watoto amenunua kisu cha kukatia vioo, anasema kazi hiyo ni ya Jumamosi. Mwenye kumjua fundi vioo anayeweza kufika Ijumaa, naomba aniambie.