Yah: Ombi la Kusogezewa Msitu wa Nyumbanitu

Waheshimiwa Makamishna wa Tume ya Madini, Dodoma.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wa Njombe na Makambako tumejifunza kutoka kwa jirani zetu wa Namtumbo kwamba mgodi ukigongana na urithi wa dunia, mgodi hausogei, unasogea mpaka. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali ombi la Serikali yetu, kipande cha Pori la Akiba la Selous kikamegwa ili urani ya Mto Mkuju, huko Namtumbo, iwe nje ya urithi. Tembo hawakualikwa kikaoni. Kiwanda cha majaribio kikazinduliwa 2025, miaka 13 baadaye. Kumbe haraka yote ile ilikuwa ya kalamu.

Basi nasi tunawahi foleni. Nyumbanitu ni msitu wa matambiko wa Wabena. Mna pango ambamo wazee husimulia kuwa watu walijificha wakati wa vita, na mna kuku weusi wasio na mfugaji, wanachakura majani makavu mchana kutwa na hakuna anayethubutu kuwatia sufuriani. Siku mkiwataka wahame, leteni barua yenye mhuri isomwe kwa sauti mlangoni mwa pango, maana wahenga hawafungui barua pepe. Mtujulishe pia fidia ya kuku asiye na mwenyewe hulipwa nani.

Huko Ludewa, mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma ulisainiwa 2011. Miaka imepita, mlima ungali pale, na aliyeulinda si mwanamazingira bali faili lililolala. Tungempendekezea karani wake nishani ya uhifadhi, ila wanakijiji waliosubiri fidia hadi 2023 hawatapiga makofi.

Sheria ya Madini ya 2010, kifungu cha 95, inamzuia mwenye leseni kuingia penye makaburi au mahali patakatifu bila kibali cha maandishi. Sheria nzuri hiyo. Lakini kaburi la babu halina bango, na tambiko halina hati. Ukiwa Dodoma, kwenye ramani unaona rangi ya kijani tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa leseni yoyote huku, tumeni maofisa wakae na wazee kijiji kwa kijiji, wayaandike makaburi, matambiko na vyanzo vya maji, kisha vichorwe kwenye ramani ya leseni. Wazee wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Njooni mapema.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Makambako