Ngeli za Kanuni Mpya: Uainishaji wa Awali wa Kitabu cha Nyongeza

Nyoka wameshaainishwa, samaki wameshaainishwa, hata mawingu yana majina yake. Kitabu cha nyongeza cha mchezo wa Dungeons & Dragons bado, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, nimejiteua. Posho sijaomba.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne watano wanaketi mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, mpiganaji au mchawi au kasisi, na mwenzao mmoja, mwendesha mchezo, anawasimulia mapango na madubwana yaliyomo. Unalotaka kufanya unalisema; penye shaka, dadu inaamua. Ulitoka mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 tu mara ya kwanza, kutoka kampuni ndogo ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka uliofuata Gary Gygax na Rob Kuntz wakatoa nyongeza ya kwanza, Greyhawk. Tangu hapo nyongeza hazijakoma, na kila inapotua mezani watu hugombana bila hata kujua wanagombania kitu cha aina gani. Dawa yake tulifundishwa shuleni tukaisahau: ngeli.

Tuanze na A-WA, ngeli ya viumbe, ambayo ingekuwa nyepesi isingekuwa dubwana moja la Greyhawk, lile la kwenye jalada: tufe linaloelea hewani, jicho moja kubwa katikati, vijicho kumi juu kwenye vikonyo. Jicho ni LI-YA. Kiumbe hai ni A-WA. Je, jicho limekuona au jicho amekuona? Mtafiti ameliacha suala hili kiporo, kwa sababu anayesimama mbele ya dubwana hilo hana nafasi ya upatanisho wa kisarufi.

KI-VI ni vifaa. Katika vijitabu vya 1974 kila silaha ilijeruhi kwa dadu ileile ya pande sita. Kisu na upanga wa mikono miwili walikuwa ndugu. Greyhawk ikawatenganisha: kisu 1 hadi 4, upanga 1 hadi 10. Siku hiyo visu vilistaafu, isipokuwa vya wachawi, ambao hawakuruhusiwa silaha nyingine.

I-ZI ni nguvu. Ukiipima ya mhusika kwa dadu tatu za pande sita, 18 inakuja mara moja katika 216. Nyongeza ikasema mpiganaji aliyepata 18 arushe tena dadu za asilimia, na atakayeangukia 00, yaani mia kamili, ndiye mbabe wa wababe. Hesabu yake ni mtu mmoja katika 21,600. Cha ajabu, hakuna mchezaji mkongwe asiye na mbabe wa namna hiyo, na wote walimpata nyumbani, usiku, wakiwa peke yao.

Ngeli ya U haina makuu. Nyongeza ya 1985, Unearthed Arcana, ilileta sifa ya saba ya mhusika, uzuri wa sura, kando ya haiba iliyokuwepo tangu mwanzo. Toleo la pili la mchezo, 1989, likauacha uzuri huo njiani, na sijasikia aliyeulilia.

PA-KU-MU ni mali ya Dave Arneson. Nyongeza yake, Blackmoor, pia ya 1975, ilitaka ijulikane pigo limetua wapi: kichwani, kifuani, mguuni. Humohumo mna kanuni za safari za majini na kisa kizima cha hekaluni. Sijui kama kuna mtu duniani aliyewahi kuitumikia -ni ya mahali kwa uaminifu kama huo.

Sasa KU, na hapa ndipo kesi ilipo.

Greyhawk ilileta mwizi, na mwizi akaja na jedwali lake: kufungua kufuli, kutegua mitego, kunyemelea, kujificha kivulini. Kabla yake mambo hayo yalikuwa vitenzi tu, ya kila mtu. Mchezaji alisema, "Navua viatu, naufunga upanga kwa kitambaa usigonge deraya." Mwendesha akauliza, "Na taa?" "Naiacha." "Haya, pita."

Nyongeza ilipofika, mazungumzo yakawa hivi:

"Navua viatu..."

"Kunyemelea ni kwa mwizi, bwana."

"Lakini nimevua viatu!"

"Viatu havimo kwenye jedwali."

Mwanasarufi anaona kilichotokea. Kitenzi kimegeuzwa jina, na jina lina vimilikishi: kunyemelea kwangu, kunyemelea kwake. Jambo ambalo jana lilikuwa linafanywa, leo lina mwenyewe. Mpiganaji hakupokonywa kitu, hakuna mstari uliomkataza. Mwenzake kapewa tu, na yeye akajikuta hana. Na huyo aliyepewa, mwizi wa ngazi ya kwanza, ana 20 katika 100 ya kunyemelea bila kusikika na 10 katika 100 ya kujificha kivulini. Haki iliyokuwa ya wote imekabidhiwa mtu mmoja anayeshindwa kuitumia mara nane katika kumi.

Wapo wanaolisoma jedwali kwa upole zaidi: yeyote aweza kujibanza nyuma ya pipa, ila mwizi peke yake hujificha penye kivuli kitupu, asilimia zake zinajumlishwa juu ya uwezo wa kila mtu. Usomaji huo naupenda, na ningeuhukumia ushindi. Kasoro yake ni kwamba unamtaka mwendesha mchezo akumbuke, saa tano za usiku, jambo ambalo halijaandikwa popote, na mbele yake kuna jedwali limeandikwa vizuri.

Kwa hiyo turudi pangoni. Mwizi karusha 64, kaanguka na makopo yake. Mpiganaji, viatu mkononi, kaambiwa hana ujuzi huo. Akavivaa tena, akapita katikati ya ukumbi wazi, deraya inalia kama kabati la sufuria, na kule gizani jicho limemwona. Au amemwona.