Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Semina za Lishe

Bongwe,
Kaunti ya Kwale.

Kwa Mkuu wa Semina za Lishe,
Hotelini, Diani.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA KUTUFUNDISHA KULA

Salamu kutoka Bongwe. Si mbali na hapo ulipo, ila tunaelewa kwamba gari lako huona haya likishaacha lami.

Ile picha ya sahani uliyotubandikia ukutani imetuelimisha sana. Ina tufaha, brokoli na minofu ya samaki mwekundu asiyewahi kuvuliwa bahari hii. Kina mama waliitazama kwa heshima zote, kisha wakaenda zao kuchuma mtsunga kando ya muhogo, wakauchemsha, wakamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, wakautia tui la nazi. Mtsunga haumo pichani. Mnavu haumo, kisamvu hakimo, majani ya kunde hayamo. Tumekubali kwamba hivyo si vyakula, maana mfadhili hajaviona.

Tumesikia pia kwamba Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mabibi waliolea wajukuu kwa mboga za kuchuma wamefurahi kujua kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakitekeleza mradi.

Uliposema tule samaki, hapo ndipo tulipotatizika. Samaki tunamjua, na njia anayopita tunaijua. Mashua ikitia nanga, wale wakubwa huchukuliwa na tajiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu, wakaelekea jikoni kwenye mahoteli. Huenda ndio uliokula mchana baada ya kutuandalia somo. Vidogo vinavyosalia hugombaniwa na mama karanga, wakavikaanga vikakauka, wakaja kutuuzia kwa bei inayopanda kila watalii wanapoongezeka. Tunaomba basi tajiri naye apewe semina, pamoja na kiburudisho.

Na hapo kwenye kiburudisho, ahsante. Baada ya saa mbili za kuonywa kuhusu sukari, tuligawiwa soda na mkate mweupe. Bibi mmoja mwenye kisukari aliuliza kama soda ya mradi nayo ina sukari. Aliambiwa atie sahihi kwanza.

Kuhusu wanafunzi wako: darasa huanza saa tatu asubuhi, na wanaokuja ni mama walewale waliofundishwa na mradi uliopita. Makundi kumi ya chakula wanayajua kwa moyo. Lakini pesa ya mboga iko kwa mzee, na saa hiyo mzee yuko chini ya mwembe anacheza bao, au yuko stejini na pikipiki yake akingoja abiria wa Ukunda. Jioni mkewe humsomea habari za vitamini A, naye humpa shilingi mia, ileile ya jana. Hakuna aliyewahi kumwalika.

Haya yote mhamasishaji wa afya ya jamii anayajua, maana yeye huingia jikoni nyumba hadi nyumba, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi iliyopangwa mwaka 2023. Ungemuuliza, ila yeye si mtaalamu: anakaa hapahapa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Haki ya kupata semina kuhusu chakula haimo. Pengine walisahau.

Ombi letu ni moja. Mkutano wenu ujao wa tathmini ufanyike Bongwe. Kina mama watapika: sima, mtsunga wa nazi na samaki yeyote ambaye tajiri atatuachia. Nanyi mtawalipa kwa kila sahani kiasi kilekile mnachoilipa hoteli. Lishe ya kijiji itapanda kabla hujamaliza hotuba ya ufunguzi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kudumu, Bongwe.