Kizuri Chajiuza, Kikipanguswa Vumbi

Mpambaji wa vitrini ni mtu anayeajiriwa kupanga bidhaa kwenye dirisha la duka na kuzivisha sanamu, yaani yale maumbo ya plastiki yenye kimo cha mtu, ili mpita njia avutiwe kabla hajauliza bei. Fani hii ina historia ya heshima, kwani mwaka 1897, mjini Chicago, L. Frank Baum, ambaye baadaye alitunga hadithi ya mchawi wa Oz, alianzisha jarida zima la kuwafundisha wenye maduka kupamba madirisha yao. Baum, hata hivyo, hakupata kufanya kazi Butembo, mashariki mwa Kongo, wakati wa kiangazi, ambapo koti jeusi lililovishwa sanamu asubuhi huwa la kahawia ifikapo adhuhuri, kwa vumbi la pikipiki.

Kanuni ya kwanza ya fani hutaka bidhaa ziwe chache na ziachane. Lakini mfanyabiashara aliyeagiza mali Guangzhou, akaipokea Mombasa, akaipitisha Uganda na kuilipia ushuru mpakani Kasindi, huiona nafasi tupu kuwa kodi inayolipwa bure, na mara masufuria hujazwa katikati ya viatu. Mwenye duka jingine Beni, kiasi cha kilomita 50 kaskazini, hupeleka huko makoti yale yale, ingawa baridi ya Butembo haiyafuati, na sanamu hubaki zimevaa mavazi ambayo mteja hutoka jasho kwa kuyatazama tu.

Msiba mkubwa huletwa na mteja anayeonyeshwa makoti yaliyo bado mifukoni, akayakataa yote, akitaka lile la kwenye sanamu. Hapo mpambaji hulazimika kuing'oa sanamu mkono ili koti litoke, kuubana kwapani wakati bei inapojadiliwa kwa dola, na kuurudisha mahali pake inapogunduliwa kwamba noti imechanika pembeni, kwani noti ya namna hiyo haipokewi.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchuuzi anayebeba nguo begani huzipatanisha pande zote mbili: husimama mbele ya vitrini, hunyoosha kidole kwenye koti la sanamu, kisha huuza la kwake, la aina ile ile, kwa bei pungufu, na mpambaji, akiipima kazi yake kitaalamu, hana budi kukubali kwamba vitrini imevutia wateja.