Kompyuta Imezima? Tuhesabu Kurudi Nyuma

Kompyuta haiwaki, na tayari umeshatamka: "Pawa saplai imekufa." Subiri kidogo, marehemu hajapimwa.

6. Soketi. Chomeka chaji ya simu palepale uone. Kisha geuza kasha (lile mnaloliita CPU) utazame swichi ya nyuma. Alama ya mduara maana yake imezimwa, hata kama wewe unaisoma "on". Kuna siku nililipwa nauli ya Mbagala kwenda na kurudi kwa kubonyeza swichi hiyo tu. Chai nilipewa pia.

5. Kiswichi chekundu. Mashine za mtumba mara nyingine huja zimewekwa 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka hivyohivyo: paa! Halafu ile harufu. Jirani atauliza mnapika nini.

4. Waya wa kijani. Zima, chomoa ukutani, toa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi. Unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwa kibanio cha karatasi, ondoa mkono, ndipo uwashe. Feni ikizunguka, mgonjwa kafumbua macho, ila hujajua kama anaweza kubeba gunia. (Nyingine feni hutulia mpaka zipate joto, usizilie matanga mapema.) Leta multimita: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, nenda dukani.

3. Dukani, usisome maandishi makubwa. "Wati 500" huandikwa na yeyote mwenye wino. Tafuta mstari wa volti 12: ukikuta ampea 18, zidisha, unapata wati 216. Hizo nyingine zimeenda wapi? Muulize muuzaji, uone anavyotafuta chenji.

2. Kufunga mpya. Piga picha ya nyaya kwanza. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, fungua skrubu nne za nyuma. Kama nyaya zake ni za kuchomoka, tumia zilizokuja nayo tu. Za zamani huingia vizuri kabisa, lakini mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana, na diski inayosubiri volti 5 inaweza kupokea 12. Kwaheri picha za harusi.

1. Usilifungue boksi la pawa saplai. Kapasita yake kubwa hubeba volti 325 hivi, ndizo zile 230 zikishanyooshwa, na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Mteja mmoja aliona mjusi mkavu kupitia matundu ya feni, akanipa koleo nimtoe. Nikamrudishia koleo lake. Mjusi aliingia mwenyewe. Akatupwe na nyumba yake.