Doa la Maka

Maka ya kudumu ina vitu vitatu: rangi, utomvu wa kuishikiza, na kiyeyushi ambacho mara nyingi ni alkoholi. Alkoholi hupaa upesi, rangi na utomvu vikabaki vimeng'ang'ania nyuzi. Ndiyo maana wazazi wa Kakamega huitumia kuandika majina kwenye sare, ndoo na magodoro ya watoto wanaoingia shule za bweni. Jina hukaa. Hukaa pia kwenye shati lililokuwa chini, kwenye kitambaa cha meza, na kwenye suruali ya baba aliyegeuza goti lake kuwa meza.

Msimu mwingine wa madoa ni mwisho wa mwaka, mtihani wa KCSE unapokwisha. Watahiniwa huandikiana mashatini sahihi, namba za simu na ahadi za kutosahauliana. Mwenye shati huona kumbukumbu. Mama huona shati ambalo mdogo wa mwenye shati angelivaa.

Washauri hufika kabla ya sabuni. Kukhu, yaani bibi, huagiza maziwa, ambayo kazi yake ni kwenye chai na wala hayayeyushi maka. Jirani huleta jiki. Klorini yake hupausha rangi ya sare huku maka ikitazama tu, na aliyekuwa na doa moja sasa ana mawili: jeusi katikati, jeupe pembeni. Kisha hutokea wa kumalizia kwa pasi ya makaa, na joto lake hulipigilia doa msumari wa mwisho.

Kinachofaa ni kuirudisha ile alkoholi iliyotoroka. Spiriti ya duka la dawa inatosha. Hata sanitaiza iliyosalia tangu 2020 husaidia. Kwanza ijaribiwe kwenye pindo la ndani. Nguo hulazwa, upande wenye doa ukielekea chini, juu ya kitambaa kikuukuu, kisha pamba yenye spiriti hugongwagongwa kutoka ukingoni kwenda katikati. Kusugua kwa hasira hulitandaza doa. Kitambaa cha chini hubadilishwa kila kinapolowa rangi, na nguo hufuliwa kwa sabuni mwishoni. Jiko lisiwe karibu: spiriti hushika moto haraka.

Kikemia, hata chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ingesaidia. Ila nguo itakayonuka hivyo Jumapili itahitaji maelezo marefu, hasa katika kanisa la Friends (Quaker) lisilotaka pombe, na doa lenyewe ni rahisi zaidi kuelezea. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha nayo ina nguvu, lakini huyeyusha vitambaa vya asetati, kama bitana za baadhi ya makoti. Kalamu za rangi za watoto zinazofulika hazihitaji hekaheka yoyote. Maji na sabuni vinatosha.

Wino wa kura, unaopakwa kidoleni, ni kesi nyingine. Agosti 2022 wakazi wa Kakamega waliitwa vituoni tarehe 9, kisha tena tarehe 29 kumchagua gavana, baada ya hitilafu ya karatasi za kura. Mashati yakawa hatarini mara mbili. Wino wa aina hiyo kwa kawaida huwa na nitrati ya fedha, ambayo hukolea weusi ikipigwa na mwanga, kwa hiyo kuianika nguo juani ni kulilisha doa. Spiriti haiuwezi. Kidole hujisafisha ngozi na ukucha vinapokua. Shati halikui, lililopanguziwa kidole cha kura lihamie shambani.