Kufa Kufaana: Namna ya Kupanda Cheo kwa Mkasi

Kwanza, uwe na kaka. Robert Wise wa Indiana alipokwama chuoni kwa kukosa karo, mwaka 1933 alimfuata kaka yake, mfanyakazi wa uhasibu katika studio ya RKO, Hollywood. Akapewa kazi ya kubeba makopo ya filamu. Kama ukoo wenu hauna mhasibu, subiri shangazi aolewe na mmoja.

Ukishaingia chumba cha uhariri, jifunze kuharibu mali. Katika Citizen Kane ya 1941 kulitakiwa taarifa ya habari iliyoonekana kuukuu, basi mkanda mpya ukasuguliwa kwa mchanga. Wise akateuliwa kuwania Oscar ya uhariri.

Sasa omba bosi asafiri. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1942 mwongozaji wa Citizen Kane, Orson Welles, alikuwa Brazili akipiga filamu nyingine, huku filamu yake The Magnificent Ambersons ikijaribiwa kwa watazamaji wa Pomona, California, nao baadhi yao wakaicheka. Studio ikaingiwa na homa. Mkasi ukapita; zaidi ya dakika 40 zikaondoka, na Wise mwenyewe akapiga vipande vya kuzibia mapengo. Bosi wa mbali ataleta telegramu ndefu. Zisome kwa heshima zote, kisha endelea kukata. Mabaki nayo usijisumbue kuyatunza: studio itayateketeza, na wapenzi wa sinema watakuwa na cha kulilia hadi uzeeni.

Kuanzia hapo kaa karibu na mtu mwenye matatizo. Mwongozaji wa The Curse of the Cat People alipochelewesha ratiba, nani alikuwa palepale mezani akiihariri? Ikatoka 1944, jina la Wise likiwa kwenye uongozaji.

Uzalishaji ni nyongeza ya busara: mzalishaji ndiye anayepokea Oscar ya filamu bora. Katika West Side Story ya 1961, Jerome Robbins aliyeongoza naye aliondolewa kazini katikati ya upigaji. Wise akatoka na sanamu mbili, ya uongozaji wakigawana sifa. Mwongozaji William Wyler naye akauacha mradi wa The Sound of Music. Haya, unadhani aliitwa nani? Sanamu mbili tena, mwaka uliofuata filamu kutoka.

Wahakiki watasema huna mtindo wako. Wakubalie, mradi simu yako iwe wazi.